Kizimkazi: Ngome ya Mawe na Ngome ya Mgomba

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kununua embe sokoni Darajani, embe dodo zuri, ngozi yake haina doa, ukalitia kikapuni na kuwapelekea watoto nyumbani. Ukaliweka juu ya kabati siku tatu lipate kuiva barabara. Siku ya nne ukalikuta limetapakaa mabaka meusi, na pengine ukamlaumu mwuzaji kuwa alikupunja. Leo nataka nimtetee mwuzaji huyo. Embe lako lilikuwa na mgeni tangu lilipokuwa changa mtini, nalo muda wote lilikuwa likimzuia mlangoni. Ulichokiona juu ya kabati ni siku ile zuio lilipokwisha.

Habari hii nusu yake niliipata vitabuni, na nusu niliipata safarini, nilipokwenda Kizimkazi kuutazama msikiti wa kale. Nilirudi nikiwa nimeutazama msikiti, lakini fikira zangu zote zilikuwa juu ya migomba.

Kizimkazi iko kusini kabisa mwa kisiwa cha Unguja, kilomita zaidi ya 50 kutoka Mji Mkongwe. Watu wa Bara huichanganya na Kizimbani, na hata wenyeji wa mjini ulimi huwateleza. Kizimbani iko upande wa magharibi, kwenye udongo mnene na mwekundu. Ndiko kulikopandwa mojawapo ya mashamba ya mwanzo kabisa ya mikarafuu katika karne ya 19, na ndiko kuliko kituo cha utafiti wa kilimo cha Zanzibar. Kizimkazi haina mikarafuu ya kutajwa. Hata hivyo wazee wa kusini waliijua karafuu vizuri kuliko wengi wetu, kwa kuwa ulipofika msimu walifunga safari kwenda kuchuma katika mashamba ya watu, wakilipwa kwa pishi.

Wazee hao ndio walioshuhudia, katika miaka ya 1940 na 1950, mikarafuu ikifa Unguja pasipo sababu ya kuonekana. Mti mkubwa uliokwisha kuzaa miaka mingi ulisimama leo na majani yake, na baada ya muda mfupi ukawa kuni. Ugonjwa ukaitwa kifo cha ghafla. Mwaka 1952 wataalamu wawili, Nutman na Roberts, waliandika kwamba mwuaji ni kuvu waliyoipa jina la Valsa eugeniae. Mti ulianza kufa mizizini, mahali asipoona mtu, na majani yaliponyauka kazi ilikuwa imekwisha zamani.

Jambo hili lina kitendawili ndani yake. Karafuu imejaa mafuta yaitwayo eujenoli, yale yale yanayotiwa kwenye jino linalouma, na eujenoli inapojaribiwa maabarani huzima kuvu za aina nyingi. Imekuwaje basi mti uliobeba dawa ya kuvu uuawe na kuvu? Silaha iliyowekwa ghalani haimfai askari aliye mlangoni. Mafuta yamejaa katika vikonyo na majani, ilhali adui aliingia kwa chini. Liweke jambo hili moyoni, ndugu msomaji, kwa maana tutalikuta tena kwenye mgomba.

Gari la shamba huondoka mjini likiwa limejaa watu, magunia ya unga na madumu ya mafuta. Utapita Mwanakwerekwe, utapita Tunguu, minazi itakuwa kila upande na hewa itaanza kuwa nyepesi. Ukifika Pete utaingia katika kivuli cha msitu wa Jozani, na hapo kama una mtoto mpakate dirishani, huenda akaona kima punju wakirukaruka juu ya miti. Baada ya Kitogani barabara inashika kusini, na ghafla utaona nchi imebadilika. Udongo umekwisha. Yamebaki mawe ya matumbawe, meusi, yenye ncha, na vichaka vifupi vilivyojishikiza juu yake. Nchi hii wenyeji huiita uwanda.

Muyuni gari lilisimama, wanawake wakaja na mabeseni ya maembe. Abiria mmoja, mama wa makamo, alichagua mabichi matupu, na alipoyapokea aliyasonya kwa kuwa yametoka utomvu. Nilitamani kumwambia asiuchukie utomvu ule. Wataalamu wanatufahamisha kwamba ukungu wa mabaka meusi huingia katika embe likiwa bado dogo, wakati wa mvua, ukatoboa ngozi kidogo tu kisha ukasimama. Husimama kwa sababu ngozi na utomvu wa embe bichi vimebeba sumu ya kuuzuia. Ukungu haufi, unangoja. Embe linapoiva, sukari inaongezeka na sumu inapungua, na siku ambayo wewe umenoa kisu, mgeni naye ananyanyuka. Ndiyo maana mabaka huja pamoja na utamu. Kama una maembe mengi, yatumbukize yangali mabichi katika maji ya moto ya nyuzi 52 za Sentigredi kwa dakika 5, kisha yaanike kivulini. Kipimo hicho kishike sawasawa, kwani maji yakizidi moto yataunguza ngozi, yaani ukuta ule ule unaokusudia kuusaidia.

Basi tukafika Kizimkazi Dimbani. Msikiti uko karibu na ufuko, na ukiutazama kwa nje hutaudhania kitu, kwa maana paa lake ni la mabati na kuta zake zimepakwa chokaa kama nyumba yoyote ya kijiji. Vua viatu, omba ruhusa, ingia. Kwenye kibla utakuta maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, ambao ni mwaka 1107 wa Miladi. Jengo lenyewe limejengwa upya zaidi ya mara moja, hasa katika karne ya 18, lakini maandishi hayo yamebaki. Wasomi huyahesabu miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiislamu katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Nilisimama mbele yake kitambo, nikihesabu ni vizazi vingapi vimesujudu pale.

Nje, magofu ya ukuta wa mji wa zamani bado yanaonekana. Wenyeji wana hadithi ya mji huo, nayo ina sura nyingi kwa kadiri ya msimulizi. Sura niliyoisikia mimi, chini ya mti, ni hii. Palikuwa na mfalme aitwaye Kizi, na mjenzi wake akiitwa Kazi, na kutokana na majina hayo mawili mji ukapata jina lake. Maadui walikuja kwa bahari. Kizi akaomba, na nyuki wakatoka kwa makundi wakawatimua. Baadaye Kazi akamjengea mfalme jengo zuri, na mfalme, kwa wivu asije akajengewa mwingine, akamkata mkono. Maadui wakarudi mara ya pili. Kizi akaomba tena, na safari hii nyuki hawakuja. Akakimbilia pangoni, jiwe likajifunga nyuma yake, wala hakuonekana tena.

Niliisikiliza kama mtu anavyosikiliza hadithi ya jioni. Sikujua kwamba asubuhi yake ningeiona ikitokea shambani.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa Mkunguni, sehemu ya pili ya Kizimkazi, mvuvi katika ujana wake na sasa mkulima. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa uji wa mtama na kunipeleka kwenye konde lake. Usitazamie shamba kama la Bara. Konde la uwanda limezungushiwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa ili kuzuia nguruwe. Ndani yake kuna mawe zaidi kuliko udongo. Udongo umejikusanya katika mashimo baina ya mawe, hapa kiasi cha beseni, pale kiasi cha kaburi. Kunde zimetiwa pembezoni, mihogo imejipenyeza katika nyufa, mtama na mahindi yamesimama moja moja kama wageni waliochelewa harusini. Migomba imepewa mashimo makubwa kuliko yote, maana ndiyo yenye kula udongo.

"Mimi siulizwi eka ngapi, mwanangu," alisema mzee. "Niulize mashimo mangapi."

Alikuwa na mashimo 14 ya migomba. Katika manne kati yake, pukusa walikuwa wanakufa.

Majani ya chini yalikuwa ya manjano kuanzia pembeni, yamevunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kuzunguka shina kama kanga iliyofunguka kiunoni. Mzee aliona ni kiu. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha wiki ile ile na udongo ulikuwa na maji, lakini kwake mgomba ulionyauka ni mgomba wenye kiu, akawa anaubebea ndoo kutoka kisimani. Nilimwomba panga. Tulikata shina moja kwa kulalia, na ndani yake, palipopaswa kuwa peupe, palikuwa na pete za rangi ya hudhurungi, mfano wa chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Hiyo ni alama ya mnyauko wa migomba, ambao duniani hujulikana kwa jina la ugonjwa wa Panama, unaoletwa na kuvu ya udongoni iitwayo Fuzari. Pukusa ni miongoni mwa ndizi zisizoweza kustahimili.

Mzee hakukosea sana, ndugu msomaji. Mgomba ule ulikuwa na kiu kweli, isipokuwa kiu yenyewe imetokana na vita.

Tumezoea kuudhania mmea kuwa kitu kilicholala, kinachosubiri kuliwa na kila apitaye. Sivyo. Mmea hauna damu ya kusafirisha askari kama sisi, kwa hiyo kila seli yake yapaswa kuwa askari wa nafsi yake. Kwanza kuna ukuta: nta juu ya jani, gome, na ukuta mgumu wa kila seli. Kuvu nyingi huishia hapo. Zile zinazopenya hukutana na walinzi waliosimama juu ya ngozi ya seli, na walinzi hao wamefunzwa kuitambua kaitini. Kaitini ni kile kinacholifanya gamba la kaa na la kamba liwe gumu, nayo vile vile ndiyo imo katika ukuta wa kuvu. Mmea wenyewe hauna kaitini kabisa. Basi mmea humwaga vimeng'enya vya kutafuna ukuta wa adui, na vipande vya kaitini vinapodondoka mlinzi huvigusa na kupiga mbiu. Katika muda wa dakika chache ukuta unaongezwa unene pale panapotobolewa, na sumu zinaanza kutengenezwa. Hao ndio nyuki wa Kizi.

Lakini adui hurudi mara ya pili. Katika zama ndefu, kuvu zimejifunza kutoa protini ndogo ndogo za ujanja. Nyingine huvikamata vile vipande vya kaitini kabla havijamfikia mlinzi, kama mwizi anayefagia nyayo zake. Nyingine huingia ndani ya seli na kuuziba mdomo wa mwenye mbiu. Mmea nao, katika zama hizo hizo, umepata walinzi wa pili walio ndani, ambao hawaitafuti kaitini bali wanautafuta ujanja wenyewe. Mlinzi wa namna hii anapomkamata adui, mara nyingi hukata shauri zito: seli iliyovamiwa hujiua pamoja na jirani zake ili adui akose chakula. Ukiona jani lenye vidonda vidogo vikavu vilivyokoma bila kuenea, usiseme jani hilo linaumwa. Huenda ni jani lililoshinda.

Mmarekani mmoja, Harold Flor, alitumia miaka ya 1940 akichunguza kutu ya kitani katika jimbo la North Dakota. Aligundua kwamba kila jeni ya kinga katika mmea ina jeni yake ndani ya kuvu, mfano wa kufuli na ufunguo. Ubaya wa kufuli moja ni kwamba mwizi huhitaji ufunguo mmoja. Huko Uganda, mwaka 1998, ngano iliyokuwa ikilindwa na jeni iliyotegemewa sehemu nyingi za dunia ilikutwa imejaa kutu. Mwaka uliofuata wataalamu walithibitisha kwamba ni kutu mpya, wakaiita Ug99, na nchi zilizo mbali mno na Uganda zikashikwa na hofu.

Turudi kondeni. Kuvu ya mnyauko haipiti hewani. Hukaa udongoni katika umbo la vijimbegu vyenye ganda nene, ikilala usingizi wa miaka mingi, hata miongo, bila mgomba wowote wa kula. Mzizi unapopita karibu na kudondosha utamu wake, kijimbegu kinaamka na kutoa uzi, na uzi huo hujipenyeza mzizini mpaka kwenye mirija inayopandisha maji. Mgomba ukigundua, hufanya jambo ambalo Kizi alifanyiwa na jiwe: huziba mirija. Seli za pembeni huvimba na kuingia ndani ya mrija, na gundi hutoka ikaziba njia. Katika mgomba wenye kinga, mambo haya hutokea upesi, mzizi mmoja unafungwa na kuvu inabaki gerezani. Katika pukusa hutokea kwa kuchelewa. Kuvu imekwisha kupita, mgomba unaziba nyuma yake, kuvu inaendelea mbele, mgomba unaziba tena, hata mwisho mirija imejaa kuvu na imejaa vizuizi vya mgomba wenyewe, na maji hayapandi tena. Mzee alikuwa akimwagia ndoo za maji mgomba uliokwisha jifungia mlango.

Nilipomweleza hayo alinyamaza, kisha akanionyesha kwa kidole shimo la jirani, hatua tatu tu kutoka hapo. Mkono wa tembo ulikuwa umesimama, majani yake ya kijani kibichi. "Huyu mbona hadhuriki? Udongo ni ule ule."

Udongo ni ule ule, na pengine kuvu ni ile ile. Aliye tofauti ni bawabu. Mkono wa tembo na jamaa zake, ndizi za kupika za namna ya mzuzu, wana kinga dhidi ya aina hii ya mnyauko. Mzee alikuwa ameipanda migomba yake kwa kuchanganya, pukusa hapa, mkono wa tembo pale, bokoboko, mtwike, si kwa sababu ya elimu ya kuvu, bali kwa sababu baba yake alifanya hivyo na kwa sababu watu wa nyumbani hawapendi kula namna moja. Laiti mashimo yote 14 yangekuwa ya pukusa, nisingekuwa na la kuandika isipokuwa rambirambi.

Hapa naomba nikutoe Kizimkazi kidogo, kwa kuwa yale mahindi machache ya mzee yalinikumbusha kisa kimoja. Mwaka 1949 kutu ya mahindi iliyotoka Amerika, ambayo Afrika haikuwa ikiijua, ilionekana Sierra Leone. Kufikia mwaka 1952 ilikuwa imevuka bara zima na kufika Afrika ya Mashariki, ikipenda hasa nchi za joto na unyevu kama pwani yetu. Mahindi yetu hayakuwa yamekutana na adui huyu kwa zaidi ya karne 4, nayo yaliungua. Watafiti wa Muguga, karibu na Nairobi, akiwamo H. H. Storey, walitafuta mahindi ya Amerika ya Kilatini yenye jeni za kinga, na walizipata. Lakini hawakukaa ila wakaona aina nyingine ya kutu isiyoijali kufuli ya kwanza. Wakati huo huo, huko mashambani, wakulima waliendelea kufanya walichokuwa wakifanya daima: kuchagua gunzi zuri katika mahindi yaliyonusurika na kulitundika juu ya jiko kwa mbegu ya mwakani. Baada ya miaka kama 10 kutu ile ilikuwa imeshuka kutoka janga hadi kero. Mahindi ya wakulima yalikuwa yamejikusanyia kinga ndogo ndogo nyingi, hakuna hata moja iliyo kubwa, na kwa sababu hiyo kuvu haikupata ufunguo mmoja wa kuzifungua zote.

Mahindi yaliweza hayo kwa sababu mahindi huoana. Upepo huchukua unga wa shina hili ukalitilia lile, na kila punje ni mtoto mpya mwenye bahati yake. Ndizi haioani. Ndizi tulazo hazina mbegu. Chipukizi la pukusa ni pukusa yule yule, na mama yake ndiye yeye, na bibi yake ndiye yeye, toka siku ya kwanza mtu alipompenda kwa utamu. Kinga aliyozaliwa nayo ndiyo atakayokufa nayo. Ndivyo ilivyoangamia ndizi ya Gros Michel katika mashamba makubwa ya Amerika ya Kati, ambayo kufikia miaka ya 1960 ilikuwa imeachwa katika biashara kwa ajili ya mnyauko huu huu. Mahali pake wakapanda Cavendish, jamaa ya mtwike wetu, iliyokuwa na kinga. Kisha ikazuka Asia aina mpya ya kuvu inayoiua Cavendish. Aina hiyo ilithibitishwa Msumbiji mwaka 2013, na mwaka 2019 ikaonekana Mayotte, katika visiwa vya Ngazija. Tazama ramani uone ziko wapi na sisi tuko wapi. Waaustralia wamechukua jeni ya ndizi mwitu na kuitia katika Cavendish, na mwaka 2024 serikali yao iliidhinisha ndizi hiyo. Ni habari njema kwao. Bado ni kufuli moja.

Wala usidhani visiwa vimewahi kuwa salama kwa sababu ya maji. Ule ugonjwa mwingine wa migomba, wa michirizi myeusi majanini, ambao vijimbegu vyake hupeperuka, uligunduliwa Pemba mwaka 1987. Ule hupanda upepo. Huu wa mnyauko hauna mabawa wala miguu. Unasafiri kwa miguu yetu, kwa udongo wa jembe na viatu, na zaidi ya yote kwa chipukizi tunalopeana kwa mapenzi.

Jioni ilipoingia nikaaga. Mzee akaniambia ningoje, akaenda mwisho wa konde, akarudi na chipukizi la pukusa, zuri, kijani kabisa, limefungwa na udongo wake katika jani kavu. "Huwezi kuondoka mikono mitupu, mwanangu. Lipande nyuma ya nyumba yako, watoto wapate ndizi tamu."

Wewe uliyekulia Unguja unajua maana ya kukataa zawadi ya mzee. Nililishika lile chipukizi kwa muda, nikilitazama. Halikuwa na alama yoyote. Kuvu inaweza kuwamo mwezi baada ya mwezi pasipo jani moja kugeuka rangi, na hata isingekuwamo ndani, ilikuwamo katika udongo ule uliofungwa pamoja nalo. Nikamwambia, "Mzee, unisamehe. Zawadi nimeipokea kwa moyo, lakini naogopa kuichukua." Nikamweleza kwa nini.

Hakukasirika. Aliketi juu ya ukuta wa mawe, na baada ya kitambo akasema kwamba mwezi wa Ramadhani alimpelekea binti yake mjini machipukizi mawili kutoka shimo la tatu, na kwamba shemeji yake wa Muyuni naye alichukua moja. "Basi nimempelekea mwanangu maradhi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba huenda yako salama, na kwamba binti ayatazame majani ya chini, na yakigeuka manjano ang'oe mgomba wote na kuuchoma pale pale, asiuburute uani, asimpe jirani, wala shimo lile asilipande tena pukusa. Maneno hayo yalikuwa rahisi kuyasema. Kwa mtu wa mjini shimo moja si kitu. Kwa yule mzee mashimo manne kati ya 14 hayatafaa kwa pukusa katika muda wa uhai wake, na uwandani huwezi kuchimba la tano, kwa maana ukichimba unakutana na jiwe. Aliniambia kwamba alikusudia kuyapumzisha miaka miwili. Nilipomwambia kwamba kuvu haichoki kungoja, aliuliza kama muhogo utaota humo. Utaota, nikamwambia, na mpapai utaota, na mkono wa tembo pia. Akaanza kuhesabu kwa vidole ni shimo lipi atalipa nini.

Alilirudisha chipukizi mahali pake. Badala yake alinipa mihogo na mkungu mdogo wa mkono wa tembo, ambao mkewe aliufuta vumbi kwa upindo wa kanga kabla ya kunikabidhi. Kwenye mlango wa konde nilivua makubadhi yangu, nikachukua kijiti na kukwangua udongo wote uliokuwa chini yake, kisha nikaomba maji. Mzee alinitazama akacheka, akasema hajapata kuona mgeni anayeacha hata mavumbi. Halafu akaniletea ndoo, ile ile aliyokuwa akiwamwagilia pukusa wake, na nilipokwisha akalitumbukiza jembe lake humo, akalisugua kwa kumbi la nazi, mbele na nyuma, mpaka chuma kikaonekana.

Gari la mwisho lilikuwa likipiga honi barabarani.